Mwalimu Aliyezipeleka Siri Winguni

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata askari wa lango la chini ambaye hakuwahi kuketi darasani kwake. Wenye maduka ya vitambaa walimwita hivyo, na vijana wa kubeba mizigo walimpisha kwenye ngazi wakisema, "Pita, Mwalimu." Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Yeye mwenyewe hakupenda jina la mtu litajwe mahali ambapo si lazima, na katika kazi tuliyoifanya pamoja hilo lilikuwa jambo zito.

Alikuwa mama wa Pwani aliyekaa Nairobi miaka mingi bila kusameheana na baridi yake. Julai ikifika alivaa sweta mbili chini ya buibui na bado akalalamika. Alitufundisha kutengeneza programu za simu katika chumba kimoja katikati ya jiji, juu ya maduka, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Sisi wanafunzi tulitoka mitaa ya Riruta, Kangemi na Kawangware, wengi wetu watoto wa watu waliokuja kutoka magharibi mwa nchi kutafuta riziki. Baba yangu mimi alikuwa fundi wa mabomba. Aliposikia mwalimu wangu wa kompyuta ni mama anayevaa buibui, aliniuliza kama nina hakika ni kompyuta ninasomea, si dini.

Mtu huyo aliyetufundisha simu za kisasa alitembea na mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe na tochi. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimelegea, akakifunga kwa raba, na simu ile ilipolia darasa zima lilijua ni dada yake wa Mombasa. Simu kubwa alikuwa nazo mbili, za aina mbili tofauti, maana programu zetu zilipaswa kufanya kazi kwenye zote. Lakini hizo alisema ni vifaa vya kazi, kama panga la mkulima. Mtu halali na panga. Siku moja nilimuuliza mbona hana hata picha za wajukuu humo.

"Mimi najua zinavyotengenezwa, mwanangu," akasema. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Alikuwa msiri na alikuwa mmbea, yote mawili kwa wakati mmoja. Msichana mmoja wa darasa letu alipopata mimba, Mwalimu ndiye aliyejua wa kwanza, na hakumwambia mtu mpaka msichana mwenyewe aliposema. Lakini ugomvi wa mume na mke aliousikia dukani asubuhi angetusimulia mpaka chai ipoe, kwa sauti zote mbili, ya mume na ya mke, na mikono juu. Tukimcheka alijitetea: "Wale siwajui, wala nyinyi hamwajui. Usengenyaji uko wapi hapo?"

Kusifu hakujua. Nilipomaliza ukurasa wangu wa kwanza wa kuingia kwenye programu, ule wa mtu kujitambulisha kwa nambari ya simu na neno la siri, aliutazama kwa muda, akaubonyezabonyeza, akaandika maneno ya ovyo kuona kama utakubali kudanganywa. "Haijaharibika," akasema. Nilirudi Riruta nimefura kichwa kama niliyepewa medali.

Na hakujua kusema sijui. Ukimuuliza jambo lililomshinda alisema, "Hilo tulilaze," na kesho yake angekuja na jibu na macho mekundu. Wanafunzi wengine walimwona mkaidi. Alikuwa mkaidi kweli. Aliwahi kumfukuza kijana mbele yetu sote kwa kuleta msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mwenzake, na jioni akampigia kumuuliza kama amefika nyumbani salama. Yule kijana hakurudi tena, na Mwalimu alinuna wiki nzima, akitulaumu sisi kwa kutomrudisha.

Somo lake la kwanza halikuwa na kompyuta. Alichora mtu ubaoni, mtu mbaya wa chaki mwenye kichwa kama yai, na simu mkononi.

"Simu hii ni ya nani?"

"Ni yake."

"Nani mwingine huishika?"

Tukaanza kutaja. Mume hutazama matokeo ya mpira. Mtoto huchezea gemu. Jirani huomba kupiga. Mama mkwe akija huangalia picha. Mwalimu akawachora wote, mpaka yule mtu wa kwanza akakosa nafasi.

"Mkiandika programu, mnawaandikia wote hawa," akasema. "Yule msiyemfikiria ndiye atakayeisoma."

Nayaandika maneno hayo nikijua yaliyokuja kutokea. Alikuwa akiyajua kuliko sisi sote, na bado yalimpata.

Kliniki moja ya upande wa Dagoretti ilikuwa na wahudumu wa afya wa kujitolea, wengi wao kina mama, waliozunguka ploti, zile nyumba za kupanga za ua mmoja, za Riruta na Waithaka kuwatembelea watu wanaotumia ARV, zile dawa za virusi vya Ukimwi ambazo haziachwi hata siku moja. Mwalimu alipewa kazi ya kuwatengenezea programu ya kuweka habari za ziara hizo, akanichukua nimsaidie. Tuliandika msimbo mmoja uliofanya kazi kwenye simu za aina zote mbili. Habari zote zilikaa ndani ya simu ya mhudumu, hazikwenda kokote. Mwalimu aliipenda programu ile. Alisema ni kama mama aliyeficha kitu kwenye upindo wa kanga.

Kisha mhudumu mmoja akanyang'anywa simu karibu na soko. Ziara zote alizowahi kufanya zikaondoka nayo. Ilibidi arudi kwa wagonjwa wake kuwauliza upya mambo ambayo wengine walikuwa wameyasema mara moja tu maishani, kwa shida. Baadhi walimfungia mlango. Daktari aliyesimamia mradi, mtu mwema na mchapakazi, akasema basi habari zisikae kwenye simu. Ziwekwe winguni, kwenye seva, zile kompyuta za mbali za kukodi, ambako simu ikiibwa hakuna kinachopotea.

Mwalimu hakuipenda kazi hiyo, na ndiyo maana aliifanya vizuri.

Alianza kwa kufunga. Hifadhi yote ya habari ilimkataa kila mtu, hata sisi wenyewe. Kisha akafungua kidogo kidogo: mhudumu huyu awaone wagonjwa wake tu, msimamizi aone ziara lakini asione majina. Jina aliliweka mahali pake na ugonjwa mahali pake, vikiunganishwa na nambari tu. Nilipochoka kukataliwa na seva tuliyoijenga wenyewe nilimwambia, "Mwalimu, si tufungue tu kidogo tujaribu, halafu tufunge?"

"Mlango unaofunguliwa kwa kujaribu ndio unaosahauliwa wazi," akasema. "Kataliwa. Ni dawa."

Mtandao wa ndani ya ploti ulikuwa wa kuja na kwenda, kwa hiyo simu ililazimika kuandika kwanza, kisha kutuma itakapopata njia. Hapo likazuka swali: wahudumu wawili wakiandika juu ya mgonjwa mmoja, na mmoja simu yake ikachelewa kutuma, seva imwamini nani? Njia ya kawaida ni kuacha moja na kutupa nyingine. Mwalimu alikataa katakata. Tukatumia majuma kutengeneza namna ya kuweka zote mbili na kumwacha mtu aamue. "Usimfute mtu kwa sababu amechelewa," alisema.

Tulifunga kila mlango wa seva. Siri ikatokea mbele, kwenye kioo cha simu.

Wagonjwa nao walikuwa wameanza kupewa programu, na huduma za winguni zilikuwa na kitu ambacho simu peke yake haikuwa nacho: arifa. Seva inatuma maneno, na maneno yanateremka juu ya kioo hata kama simu imefungwa. Mwalimu aliandika arifa yenye maneno matatu tu: "Una ujumbe mpya." Mwenye simu aingie mwenyewe, kwa neno lake la siri, asome kilichobaki.

Daktari alikuja ofisini akiwa amechoka.

"Mwalimu, hawafungui. Wakiona 'Una ujumbe mpya' wanafikiria ni zile za kamari. Wanafuta."

"Wafute. Wataingia wenyewe."

"Hawaingii. Tuwaambie wazi: dawa, kliniki, siku."

"Simu si ya mtu mmoja, daktari."

"Na kaburi je?" daktari akasema. "Hilo ni la mtu mmoja."

Juma lile tulikuwa tumemzika kijana wa Riruta aliyeacha dawa kimyakimya. Ndiye aliyetujaribia programu ilipokuwa changa. Mwalimu alimpenda, alimwita "mteja wangu msumbufu" kwa sababu kila kitu alikiona kibaya. Mwalimu alitazama ukuta ule wa nje ya dirisha. Kisha akavuta kibodi, akaandika mwenyewe, maneno yaliyokuwa ya upole kabisa: "Habari ya asubuhi. Usisahau ARV zako leo. Kliniki ni Jumanne."

Na ilifanya kazi. Hilo lazima niliseme. Watu walirudi kliniki. Mhudumu mmoja alituletea mahindi ya kuchemsha kwenye sufuria kubwa kutushukuru, na Mwalimu akala huku akitusimulia umbea wa ngazini. Nadhani alikuwa ameanza kuamini kwamba alikosea kuogopa.

Mmoja wa wagonjwa waliopokea maneno hayo alikuwa dada wa Waithaka, fundi cherehani. Mumewe alikuwa hajui habari ya virusi. Asubuhi moja, kabla ya kazi, mume alichukua simu ya mkewe kutazama matokeo ya mpira, kama alivyofanya siku zote, na maneno yakateremka juu ya kioo. Aliyasoma kwa sauti. Baadaye mhudumu alituambia kwamba aliyasoma akicheka, kama mtu anayesoma kitu kilichotumwa kwa nambari isiyo yake, na kicheko kikamkatikia mdomoni. Kufikia mchana nguo za yule dada zilikuwa nje ya geti, na cherehani juu yazo, na ploti nzima imeshajua kwa nini.

Mwalimu aliniambia, "Twende." Hakuniambia tunakwenda kufanya nini, na sidhani alijua.

Tulimkuta kwa dada yake mkubwa, chumba cha mabati nyuma ya kinyozi, karibu na Naivasha Road. Mwalimu alivua viatu mlangoni. Yule dada alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, mtu wa umri wangu mimi.

"Wewe ndio Mwalimu?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Yale maneno niliyaandika mimi."

"Sio daktari?"

"Mimi."

Yule dada alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Nilikuwa nitamwambia. Unajua hiyo? Nilikuwa nimeongea na pasta wetu, tungemwita Jumamosi tukae chini. Nilikuwa nimeshapanga vile nitaanza. Hiyo kitu ilikuwa yangu kusema, Mama. Sasa mmeisema nyinyi. Na simu."

Macho ya Mwalimu yakajaa maji.

"Na usilie hapa," yule dada akasema. "Ukilia nitaanza kukubembeleza, na sina nguvu."

Nilimwona Mwalimu akiyameza machozi. Akauliza, "Nikufanyie nini?"

"Nitoe kwa hiyo kitu yenu. Jina, namba, kila kitu. Dawa nitachukua kwingine."

Hapa mtu mwingine angesema ndiyo na kuondoka. Mwalimu alisema, "Nitakutoa leo. Lakini seva ina nakala za akiba. Ni sheria ya mradi, zinakaa muda kabla hazijafutwa. Siwezi kukudanganya kwamba leo utakuwa umetoka kabisa."

"Kwa hivyo hata kutoka siwezi," yule dada akasema, akageukia ukuta.

Nilirudi na Mwalimu mpaka Riruta. Hapo akaniambia niende nyumbani, akaendelea peke yake kwa miguu, kwenye vumbi, mama mwenye magoti mabaya.

Katika mkutano uliofuata daktari alikuja na ripoti iliyoandikwa kwamba kulitokea hitilafu ya mitambo. Sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa anaulinda mradi uliowaweka watu hai. Mwalimu aliisoma, akairudisha juu ya meza.

"Mtambo haukukosea," akasema. "Ulifanya tulichouambia. Andika kwamba ni sisi. Ukiona vibaya kuandika sisi, andika ni mimi."

"Mwalimu, ni mtu mmoja. Fikiria waliookolewa."

"Nawafikiria. Ndiyo maana silali."

Alizima arifa zote siku hiyo. Na hapo ndipo shida ilipokuwa na makali pande mbili, maana majuma ambayo arifa zilikuwa zimezimwa, wapo waliolegea, wapo waliokosa siku zao za kliniki. Wahudumu walikuja kumlalamikia. Aliwasikiliza wote amesimama. Sijapata kuona mtu akibeba lawama mbili zinazopingana, na zote zikiwa za haki.

Dawa aliyoipata mwishoni ilikuwa rahisi mpaka tukaona aibu. Kila mgonjwa aandike maneno yake mwenyewe, yale anayotaka simu imwambie, na mtu mwingine yeyote ayasome asiambulie kitu. Mzee mmoja wa Riruta aliandika, "Lisha kuku." Hakuwa na kuku hata mmoja. Msichana mmoja akaandika, "Anua nguo." Mwingine akaandika mstari wa wimbo wa kanisani. Mwalimu aliyapitia maneno ya majaribio pamoja nami, na alipofika kwa mzee wa kuku alicheka, mara ya kwanza tangu Waithaka, kisha akaomba udhuru akatoka nje kwenye ngazi na kukaa huko kitambo.

Programu ilipotulia alinikabidhi funguo zote za seva. Darasa akalifunga. Wanafunzi walimbembeleza. Alinijibu mimi peke yangu, tukiwa tunafuta ubao: "Nikisimama hapa naiona ile simu, na mume wa yule dada anacheka. Siwezi kufundisha huku namsikia."

Tulipotezana. Nilisikia yuko Mombasa, nikasikia amerudi. Miaka ikapita. Mradi ulikua, na mwaka huu tukauhamishia kwenye huduma nyingine ya winguni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuifunga ile ya zamani, kuizima na kuteketeza kila kilichokuwamo. Kabla ya kuizima nilimtafuta Mwalimu. Nilimpata Mountain View, kwa mwanawe, kwenye nyumba yenye ua mdogo na kelele za barabara ya Waiyaki Way nyuma yake.

Alikuwa amepungua. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Alivaa dera ya maua iliyombana mabegani, na aliponiona naitazama, akaivuta kidogo.

"Ameishona yule dada," akasema.

"Mnaongea?"

"La. Nampelekea kitambaa kupitia mhudumu, ananishonea, analipwa kama mteja yeyote. Salamu hanitumii. Hii aliniletea imebana. Sijui kama alikosea kipimo, au ndilo jibu lake. Naivaa."

"Na mumewe?"

"Hawakurudiana. Bwana alitaka, dada hakutaka. Dawa anatumia, ana afya. Hayo ndiyo niliyoambiwa, na sikuuliza zaidi. Si yangu kuuliza."

Mkwewe alileta chai na viazi karai. Nilimweleza kilichonileta. Aliweka kikombe chini.

"Zile nakala za zamani," akasema. "Zilifutika kweli?"

"Zilipaswa kufutika zenyewe, Mwalimu. Muda wake ulishapita."

"Zilipaswa," akarudia. "Tazama."

Nikafungua kompyuta mezani, kati ya vikombe. Alisogeza kiti mpaka bega lake likagusa langu. Niliingia kwenye hifadhi ya zamani, mahali tulipopajenga pamoja, ambapo kila mlango bado ulinikataa kwanza kabla ya kunikubali, jinsi alivyoupanga. Niliandika jina la yule dada. Hakuna. Nikaandika nambari yake ya kliniki. Hakuna.

"Ana jina la ubatizo," Mwalimu akasema. "Jaribu hilo. Na lile la kwao, mhudumu mmoja aliliandika kwa herufi moja pungufu."

Nilijaribu yote. Nikaingia kwenye nakala za akiba, moja baada ya nyingine. Alikuwa akitazama midomo yangu, si kioo. Kioo hakukiona vizuri tena.

"Humo unaweza kumtoa," akasema polepole. "Vinywani mwa watu wa ile ploti utamtoaje?"

Niliendelea kutafuta mpaka hapakubaki pa kutafuta.

"Hayupo, Mwalimu," nikasema. "Nimeangalia kote. Hayupo."

Alishika shingo ya ile dera, kana kwamba anaipima upya.

"Hayumo," akanisahihisha. "Humo hayumo. Yeye yupo. Yupo Waithaka, anashona."